Mchwa, Kumbikumbi na Maji Moto: Historia ya Majina ya Wadudu wa Ardhini katika Kiswahili na Lugha Jirani

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya majina ya mchwa na chungu katika Kiswahili tangu orodha za wamisionari wa karne ya 19 hadi sasa, na kuyalinganisha na majina ya lugha jirani, hususan Kiganda. Hoja yake ni kwamba Kiswahili sanifu kiliwataja wadudu hawa pale wanapotokeza juu ya ardhi na kuleta hasara, ilhali lugha za wakulima wa bara zilihifadhi maneno ya maisha yao ya chini. Pengo hilo lina gharama katika kilimo na uhifadhi. Gharama hiyo inaonyeshwa kwa mifano miwili: minazi ya Unguja na migunga ya Laikipia.

Utangulizi

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, alichapisha kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Unguja. Katika orodha zake za maneno wamo chungu, siafu, sungusungu, maji moto, mchwa na kumbikumbi. Steere hakuwa mtaalamu wa wadudu. Aliandika alichoambiwa na watu aliokaa nao, na ndiyo sababu orodha yake ina thamani kwetu. Watu hao walikwisha kutenganisha mdudu wa rangi ya manjano anayeishi juu ya miti na yule wa hudhurungi anayetembea kwa misafara ardhini. Walijua pia kwamba kumbikumbi ni mchwa aliyefikia wakati wa kuruka. Jambo hilo la pili si dogo. Kumbikumbi ana mabawa na macho, naye hupenda mwanga wa taa. Mchwa wa kawaida hana mabawa, huwa kipofu, naye huukimbia mwanga. Kuwatambua hao wawili kuwa watu wa nyumba moja kunahitaji mtu aliyewahi kusimama kando ya kichuguu baada ya mvua na kutazama kwa makini.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo orodha hiyo haiyagusi. Haina neno la bustani ya kuvu iliyomo ndani ya kichuguu. Haimtofautishi mchwa anayekula boriti na yule anayekula nyasi kavu. Na miongoni mwa chungu wadogo wanaoishi chini ya magogo yanayooza, haitoi jina mahususi kwa hata mmoja. Kamusi zilizofuata, hadi zile za lugha moja tunazozitumia leo, ziliongeza maneno mengi katika nyanja nyingine, lakini katika uwanja huu hazikusogea mbali. Mtu akitafuta neno mchwa, fasili ya kawaida atakayoikuta humweleza mdudu huyu kwa madhara yake: hula miti, karatasi na nguo. Swali la makala haya ni la kihistoria: ilikuwaje lugha yenye wasemaji wengi namna hii, katika ukanda wenye vichuguu vingi namna hii, ikabaki na msamiati wa mchwa anayeonekana tu?

Chungu weupe

Kabla ya kujibu swali hilo hatuna budi kuondoa kikwazo kimoja kilichotoka nje. Wazungu waliofika nchi za joto walimwita mchwa kwa maneno yenye maana ya “chungu mweupe”. Jina hilo limekita mizizi. Hadi leo katika Kiingereza cha Uganda ndilo linalotumika sokoni kwa wadudu wanaouzwa kwa vikombe wakati wa msimu, na limepenya pia katika tafsiri za Kiswahili, ambamo mara kwa mara mtu hukutana na “chungu weupe” katika sentensi ambayo neno mchwa lingetosha.

Mwaka 1781 Henry Smeathman, Mwingereza aliyekuwa ameishi miaka kadhaa Sierra Leone, aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London ripoti ndefu juu ya wadudu hao. Ndiyo maandishi ya kwanza kueleza kwa marefu yaliyomo ndani ya kichuguu cha Afrika, yakiambatana na michoro ya kichuguu kilichopasuliwa. Smeathman aliona chumba cha katikati chenye kuta nene, na ndani yake jike kubwa lenye tumbo lililovimba pamoja na dume wake. Akawaita malkia na mfalme, na waliobaki akawaita askari na vibarua. Aliongeza, bila kuona haya, kwamba aliwahi kuwala mara kadhaa na kuwaona ni chakula kizuri. Istilahi zake ndizo zilizopita kwenye vitabu vya shule hadi zikatufikia: malkia, mfalme, askari, wafanyakazi. Ni istilahi za mtu aliyetoka katika ufalme uliokuwa na jeshi na vibarua, na hatuna sababu ya kuzilaumu kwa hilo, maana kila lugha huazima kutoka nyumbani kwake. Ila ikumbukwe kwamba malkia wa mchwa hatawali. Haamrishi ujenzi wala hapangi doria. Yeye hutaga mayai, maelfu kwa siku, huku akilishwa na kusafishwa na watoto wake.

Mchwa na chungu wanafanana kwa mambo mawili: wote huishi kwa makundi yaliyogawana kazi, na wote hujificha. Zaidi ya hapo njia zao ni mbali. Chungu ni ndugu wa nyigu na nyuki. Mtoto wake huanza kama buu asiye na miguu, kisha hupitia kipindi cha kulala kabla ya kutoka akiwa kamili. Wafanyakazi wake wote ni majike. Madume huishi muda mfupi na hufa baada ya kujamiiana. Mtoto wa mchwa hutoka yaini akiwa na umbo la mkubwa wake na huanza kazi kabla ya kukomaa. Wafanyakazi wake ni wa jinsia zote mbili, na dume, yule aliyeitwa mfalme, hubaki na jike chumbani maisha yao yote. Kwa muda mrefu wanasayansi waliwaweka mchwa katika oda yao ya peke yao. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 na Daegan Inward, George Beccaloni na Paul Eggleton wa London ulikamilisha hoja iliyokuwa ikijengeka kwa miaka mingi: mchwa ni tawi la jamii ya mende.

Kiswahili hakikuhitaji utafiti huo ili kuepuka kosa la msingi. Katika lugha hii mchwa hajawahi kuwa aina ya chungu. Majina mawili yalikuwa mbalimbali tangu mwanzo, na lililoharibu mpaka huo ni tafsiri. Mhariri anayekubali “chungu weupe” katika kitabu cha shule anaacha neno sahihi la lugha yake na kuchukua kosa ambalo wenyewe waliolianzisha wamekwisha kulisahihisha.

Shina moja, viambishi tofauti

Neno mchwa si la pwani peke yake. Shina lake limeenea katika lugha za Kibantu kuanzia Ziwa Viktoria hadi kusini kabisa: enswa katika Kiganda, inswa katika Kichewa, ishwa katika Kishona, inhlwa katika Kizulu. Mabadiliko ya sauti kutoka lugha moja hadi nyingine ni ya kawaida na hayamshangazi mwanaisimu. Linalostahili kutazamwa ni maana. Katika lugha zote nne nilizozitaja, neno hilo linamaanisha kwanza mdudu mwenye mabawa anayeliwa. Ni jina la chakula. Katika Kiswahili shina hilohilo limekuwa jina la mharibifu asiyeliwa, na chakula kikapewa jina jingine, kumbikumbi, ambalo linakaribiana kwa sauti na ngumbi ya Kichewa, ijapokuwa kukaribiana kwa sauti peke yake hakutoshi kuthibitisha undugu.

Kiganda kinatupa picha kamili zaidi. Mdudu arukaye ni enswa. Kichuguu ni ekiswa. Shina ni moja, kiambishi ndicho kinachogeuka, na mzungumzaji anapotamka neno moja tayari ameligusa la pili: nyumba na chakula kinachotoka humo. Mashariki mwa Kampala kuna mahali paitwapo Kiswa. Kinyarwanda nacho kina umuswa kwa mchwa wa kawaida, neno ambalo kwa umbo ni pacha wa mchwa wetu. Kwa mchwa anayekula nguzo za nyumba, Waganda hawatumii shina hilo hata kidogo. Huyo huitwa enkuyege, na hakuna anayemchanganya na enswa. Lipo pia kundi la majina ya aina mbalimbali zinazoliwa, kama vile empawu na entunda, ambayo hutofautisha wadudu kwa ukubwa, kwa wakati wa kuruka na kwa namna ya kuwatega. Mtegaji hulazimika kujua tofauti hizo. Wapo wanaoruka usiku na wapo wanaoruka mchana. Wapo wanaosubiri mvua kubwa na wapo wanaoweza kutolewa kwa kupigwa vijiti juu ya kichuguu kilichofunikwa, mlio ambao huwaita nje kana kwamba mvua imeanza.

Maarifa hayo yana umiliki. Kichuguu kilichoko kwenye ardhi ya mtu si cha kila mpita njia, na ugomvi juu yake umekuwa ugomvi wa kweli. Hata ukoo umehusika: mojawapo ya koo za Buganda ni Butiko, ukoo wa uyoga. Uyoga unaothaminiwa zaidi katika nchi hii ni ule unaochipuka kichuguuni au juu ya njia za mchwa. Hapa ndipo lugha ya wakulima ilipowatangulia wataalamu. Mpishi wa Buganda alijua kwamba uyoga fulani na mchwa fulani hawaachani, miaka mingi kabla ya Roger Heim, mtaalamu wa kuvu kutoka Ufaransa, kulipa kundi hilo jina la Termitomyces mwaka 1942.

Uhusiano wenyewe ndio kiini cha maisha ya chini ya mchwa wakubwa wa Afrika, wale wa jenasi ya Macrotermes na jamaa zao. Mfanyakazi hukata nyasi kavu, majani na vipande vya mti, huvimeza, na huvitoa vikiwa havijasagika sawasawa. Kinyesi hicho hupangwa katika chumba maalumu mfano wa sega. Juu yake huota kuvu, nayo huyavunja yale ambayo tumbo la mchwa haliwezi kuyavunja, na sega lililozeeka huwa chakula cha wakazi wa kichuguu. Chumba lazima kiwe na unyevu na joto lisilobadilika sana. Kuvu haioti nje ya uangalizi wa mchwa, na mchwa hawa hawaishi bila kuvu. Kwa kipimo chochote hicho ni kilimo, tena kilimo cha kale kuliko binadamu.

Kwa nini basi Kiswahili hakikulibeba neno la sega hilo, wala la njia, wala la aina za mchwa? Jibu langu ni la mahali na la kazi. Kiswahili kilichokusanywa katika kamusi za karne ya 19 na kusanifishwa miaka ya 1930 kilikuwa lugha ya miji ya pwani, ya nyumba za mawe na boriti, ya maghala, vyombo na vitabu. Katika mazingira hayo mchwa ni adui wa mali. Hula miswada ya mashairi iliyohifadhiwa masandukuni, hula mlango, hula gunia. Mikoko ilithaminiwa kwa ujenzi hadi Oman na Ghuba kwa sababu, miongoni mwa sifa zake, mchwa huishindwa. Lugha ya mwenye ghala humtaja mchwa kama hasara, na ile ya mtega kumbikumbi humtaja kama mavuno. Hakuna iliyo pungufu kwa asili, bali kamati ya lugha ilipokaa kuchagua ilikuwa na kamusi za aina ya kwanza mezani. Johnson, ambaye kamusi yake ya mwaka 1939 iliongoza usanifishaji wa msamiati, alikuwa na Krapf na Steere mbele yake, si mtegaji wa Masaka.

Elimu ya wadudu ya kikoloni iliukaza mtazamo huohuo. W. V. Harris, aliyefanya kazi Tanganyika na Uganda na kuwajua mchwa wa Afrika Mashariki kuliko wengi wa wakati wake, alitoa mwaka 1961 kitabu juu ya mchwa ambacho kichwa chake kiliahidi mambo mawili: kuwatambua na kuwadhibiti. Dawa zilizotumika kwa udhibiti miaka hiyo, dieldrin na aldrin, zilimwagwa kwenye misingi ya nyumba na mashambani kwa miongo kadhaa. Zote mbili zilikuwamo katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. (Neno dawa lenyewe linatufanyia hila hapa. Linaponya na linaua, na mnunuzi wa dukani hujua ni lipi kwa jina linalofuata: dawa ya homa, dawa ya mchwa. Sarufi ni ileile.) Kati ya spishi takriban 3,000 za mchwa zinazojulikana duniani, zinazoharibu mazao na majengo kwa kiwango cha kuhitaji hatua ni sehemu ndogo sana. Lakini jina likiwa moja, dawa nayo huwa moja.

Utafiti uliofanywa baadaye katika kanda hii ulifungua upande mwingine. Kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, kilichoasisiwa na Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka 1970, kilimwezesha Johanna Darlington kuchimba kwa subira njia za chini za kichuguu cha Macrotermes michaelseni huko Kajiado. Alichokieleza ni mtandao wa njia unaotawanyika mbali sana na kichuguu kinachoonekana, ukiwa na vishimo vingi vya kuwekea chakula kwa muda kabla hakijapelekwa ndani. Kichuguu, kwa maneno mengine, ni kama paa la kituo, na mji wenyewe uko chini ya miguu ya ng’ombe wanaolisha. Laikipia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Robert Pringle na wenzake walionyesha kwamba vichuguu vya Odontotermes vimepangika kwa umbali unaokaribia kulingana, na kwamba miti iliyo karibu navyo huzaa zaidi na wanyama wadogo, mijusi kwa mfano, huwa wengi zaidi. Mfugaji anayejua wapi nyasi huwahi kuchipua hahitaji kuambiwa hilo. Afisa anayeandika mpango wa matumizi ya ardhi kwa Kiswahili, pengine anahitaji, na neno alilonalo ni la mharibifu.

Maji moto wa Unguja

Tukirudi pwani, upande wa chungu una historia tofauti, kwa kuwa hapo Kiswahili kilikuwa na neno na neno hilo lilifanya kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Michael Way, mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, alikuwa Zanzibar akichunguza tatizo la minazi. Vidaka na vitale vilikuwa vikianguka kabla ya wakati, na mdudu mfyonzaji ndiye aliyeshukiwa. Mdudu huyo alipewa jina la kisayansi mwaka 1955, Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way. Katika makala zake za 1953 na 1954 Way alionyesha kwamba mnazi uliokaliwa na chungu wa spishi Oecophylla longinoda hauteseki sana, kwa sababu chungu hao huwinda na kuwafukuza wafyonzaji. Hao ndio maji moto. Hushona majani yakiwa bado mtini kwa nyuzi zinazotolewa na mabuu yao, huku wafanyakazi wakiyavuta majani kwa kushikana miguu na viuno kama mnyororo. Jina lao la Kiswahili ni sahihi kwa yeyote aliyepanda mkarafuu bila kuangalia.

Way alikuta pia kwamba maji moto hawako kila mahali walipostahili kuwa. Walizuiwa na chungu wengine waliokuwa na viota ardhini, na aliyekuwa na nguvu zaidi miongoni mwao ni mdogo mwenye askari wa kichwa kikubwa, Pheidole megacephala. Huyu hukaa udongoni, mashinani mwa minazi, chini ya mawe na ndani ya magogo yaliyooza. Kundi moja lina malkia wengi na halina mipaka ya wazi na kundi la jirani. Hupanda shina, huwashambulia maji moto na kuwanyima njia ya kuteremka. Vita vya juu ya mnazi, kwa hiyo, huamuliwa chini yake. Hilo ndilo lililoongoza majaribio yaliyofuata miaka mingi baadaye Zanzibar na Tanzania Bara, ambako watafiti wa minazi, wakiwamo wa taasisi ya utafiti ya Mikocheni, Dar es Salaam, walijaribu kumdhibiti Pheidole kwa chambo chenye sumu kidogo na kwa kuacha uoto fulani chini ya minazi ili maji moto wapate nafasi.

Hapa ndipo penye shida ya istilahi. Mkulima wa Unguja ana jina la rafiki yake lakini hana jina mahususi la adui wa rafiki yake. Pheidole humezwa na sisimizi, neno linalobeba kila chungu mdogo, kuanzia yule wa kwenye sukari hadi yule wa kwenye gogo. Mshauri wa kilimo akisema “ulindeni maji moto”, anaeleweka. Akisema “waondoeni sisimizi”, amesema jambo ambalo mkulima ana haki ya kulitekeleza kwa dawa ya kumwaga juu na chini, naye maji moto hufa pamoja na wengine. Mimi naona kwamba sehemu ya kusuasua kwa njia hii ya kibiolojia, pamoja na sababu zake nyingine za gharama na za masoko, imo katika neno hilo lisilokuwapo.

Inashangaza jinsi lugha hiyohiyo inavyokuwa makini pale wadudu hawa wanapohamishiwa kwa watu. Vikundi vya ulinzi vilivyoanza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 viliitwa sungusungu, jina la chungu wakubwa weusi wanaotoka kwa safu, na jina likavuka mipaka hadi Kenya. Katika hotuba za kisiasa nchini Tanzania mchwa ni mtumishi anayetafuna fedha za umma akiwa ndani ya mfumo, bila kelele, huku nje kukionekana kuzima. Sitiari zote mbili zimejengwa juu ya uchunguzi sahihi wa mwenendo. Wasemaji wanaujua mwenendo. Kilichokosekana ni kuuingiza kwenye msamiati wa kazi.

Migunga ya Laikipia

Mfano wa pili uko mamia ya kilomita kutoka baharini, na mhusika ni Pheidole megacephala yuleyule. Katika nyanda za Laikipia, kati ya Kenya, udongo mweusi wa mfinyanzi hufunikwa na mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba kama vifundo, ambamo huishi chungu wa jenasi ya Crematogaster. Tembo akivuta tawi, chungu hao humvamia puani, naye huuacha mti. Kwa namna hiyo mti wenye kimo cha mtu husimama mbele ya mnyama wa tani kadhaa. Katika miongo miwili iliyopita Pheidole wameingia humo, wakisambaa kutoka penye makazi ya watu, na wamewaua wenyeji wa miiba. Migunga iliyoachwa bila walinzi huvunjwa na tembo kwa kasi kubwa zaidi kuliko ile yenye chungu wake.

Mwaka 2024 Douglas Kamaru na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Ol Pejeta juu ya kilichofuata. Miti ikipungua, simba hukosa pa kujificha wanapowinda punda milia, ambaye huona mbali. Kati ya 2003 na 2020 sehemu ya punda milia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, na ile ya nyati, ambao mwanzoni hawakuonekana kabisa katika hesabu, ilifikia asilimia 42. Nyati ni windo la hatari, na simba wamelazimika kubadili mbinu. Mabadiliko yote hayo yalianzia kwenye kiota kilichofichika udongoni na chini ya magogo.

Kwa watunga sera wa Jumuiya, tukio hili lina upande usiozungumzwa. Mdudu huyu husafiri na udongo wa vyungu vya miche, na mbao, na takataka. Udhibiti wake unategemea mtu wa kitalu, dereva wa lori na mlinzi wa hifadhi kumtambua na kutoa taarifa. Lugha yao ya kazi, kutoka Nanyuki hadi Tanga, ni Kiswahili. Wataripoti nini? Sisimizi? Kila mtu anao sisimizi.

Kazi iliyo mbele ya mabaraza

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilifuata kwa uamuzi wake wa mwaka 2022. Mara nyingi tunazungumzia hatua hizi kama upanuzi wa Kiswahili kuelekea bara, yaani lugha inakwenda na wenyeji wanaipokea. Msamiati wa mchwa unapendekeza biashara ya pande mbili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, na mabaraza ya kitaifa yanayoshirikiana nayo, hayahitaji kubuni istilahi za mchwa kutoka hewani wala kuzifasiri kutoka Kiingereza. Enkuyege na enswa zimekwisha kufanya utengano ambao Kiswahili sanifu hakina, yaani kati ya mchwa wa nguzo na mchwa wa mavuno, na hakuna sheria ya lugha inayozuia kuzikaribisha, kama zilivyokaribishwa ngeli nzima za maneno kutoka Kiarabu na Kireno. Kwa sega la kuvu nadhani neno sega lenyewe linatosha, likisemwa “sega la mchwa”. Wafuga nyuki wamekwisha kulizoesha sikio. Kwa wafanyakazi na askari tubaki na tulichonacho. Kuhusu malkia nina mashaka, ila mashaka hayo yanaweza kusubiri.

Kwa Pheidole pendekezo ambalo limeanza kusikika ni kumwita “chungu kichwa kikubwa”, tafsiri ya jina lake la Kiingereza. Ni jina la mtu aliyemwona mdudu chini ya darubini. Wenye vichwa hivyo ni askari wachache, na kwa ukubwa wa mdudu mwenyewe mtu wa kitalu hatakiona kichwa hicho. Atakachokiona ni msururu mnene wa wadudu wa hudhurungi mashinani, udongo uliofukuliwa laini kama unga pembezoni mwa gogo, na mnazi au mgunga ambao hauna tena chungu wengine juu yake. Kabla kamati haijakaa kulipigia kura jina hilo, ingefaa itume watu wawili watatu Unguja kusini na kaskazini, kwa wakwezi na wakulima wa minazi waliokuwa wakiwahamisha maji moto kutoka mti hadi mti, wawaulize wanamwitaje yule wa chini anayewafukuza.